Safu ya Mama Saba

Ijumaa ile, siku moja kabla ya mechi ya mwisho ya ligi, tulikuwa sawa na Naivasha karibu kwa kila jambo linaloweza kuhesabiwa. Tulikuwa tumecheza mechi sawa, tumeshinda sawa na kushindwa sawa. Wao walikuwa nafasi ya tatu na sisi ya nne kwa sababu tu walikuwa wamefunga pointi chache zaidi, na hizo chache walizipata dhidi ya timu iliyofika uwanjani na wasichana watano pekee, mmoja wao akiwa na homa. Homa hiyo nilikuwa nimeiandika. Mimi huandika kila kitu.

Wao ni chuo cha kule Naivasha. Sisi ni chuo kilicho ng'ambo ya barabara kutoka kibanda changu hapa Nakuru. Nasema "sisi" ingawa sijawahi kusoma huko. Shule niliiacha kidato cha pili. Yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya mtumba, na mpira wa vikapu ni mojawapo. Nilipopita miaka arobaini nilinunua kijitabu cha sheria za mchezo huo kwa mwuza vitabu wa kando ya barabara, kikiwa hakina jalada, nikakisoma mara tatu kabla sijaona mechi hata moja. Kisha nikavuka barabara kwenda kuangalia kama sheria zinafuatwa. Zilikuwa zinafuatwa kwa kiasi. Tangu siku hiyo sijakosa mechi ya nyumbani ya wasichana wa chuo kile. Wavulana nao wana timu, lakini hucheza kama watu wanaosubiri kupigwa picha.

Kazi yangu ni kutengeneza mizani. Wachuuzi wa sokoni huniletea mizani zisizorudi kwenye sifuri, nami huzirudisha. Kibanda kina veranda, veranda ina benchi, na kwenye benchi hilo, kila Ijumaa ya kabla ya mechi, saa kumi jioni, ndipo uchambuzi hufanyika.

Tulikuwa watu watatu. Wa kwanza ni kinyozi wa duka la pili, kijana wa miaka thelathini na kitu, ambaye huwafuatilia wapinzani kwenye simu mpaka anajua nani amebadilisha viatu. Wa pili ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, jirani yangu wa mtaa wa Section 58, anayeamini kwamba timu ikichelewa kushuka kwenye basi imeshashindwa. Wa tatu ni mimi na daftari langu. Sheria ya benchi aliiweka Mwalimu: kila mtu anasema zamu yake bila kukatizwa, na atakayekosea zaidi ndiye anayebeba mtungi wa maji wa lita ishirini kupeleka uwanjani mechi inayofuata. Kinyozi ameubeba mara nyingi hivi kwamba anadai mkono wake wa kulia umekuwa mrefu kuliko wa kushoto.

"Boss, hii mechi ni ngori, ni ngumu," alianza siku hiyo, huku kitambaa cha kunyolea kikiwa bado begani. "Wako na yule nambari kumi na mbili. Huyo msichana akinyoosha mkono kule Naivasha, vidole vinafika Gilgil."

"Anakimbia?" Mwalimu akauliza.

"Mwalimu, ni zamu yangu. Sheria ni yako."

"Samahani. Endelea."

"Hakimbii sana. Lakini akimbie ya nini? Anasimama tu chini ya kikapu kama nguzo ya stima, wanamrushia, anaweka. Dawa yake ni moja: tumchoshe. Nambari Saba wetu ampeleke huku na huku mpaka aombe maji."

Mwalimu alipopewa zamu alisimama, kama afanyavyo siku zote. Akasema nidhamu yetu ni nzuri, faulu zetu ni chache, lakini swali ni upepo. Kiwanja cha chuo ni cha simiti na hakina paa. Kila alasiri, kuanzia saa tisa, upepo huja na vumbi na kukipiga kikapu cha upande wa lango. Kikapu cha upande wa pili kimekingwa na mikaratusi. "Tuanze kwa kushambulia upande wa lango kabla upepo haujaamka," alisema, "ili kipindi cha pili, vikapu vikibadilishwa, sisi tushambulie kikapu chenye miti na wao wale vumbi."

Zamu yangu nilifungua daftari. Nilikuwa na safu nne, zote zimechorwa kwa rula: upepo, faulu, mitupo iliyoingia kwa kila upande, na wachezaji waliokosekana. Nilisoma polepole. Nilimaliza kwa kusema kwamba kwa hesabu yangu tungeshinda kwa pointi sita, na upepo ukiamka mapema, nane.

"Na ile safu ya tano?" akauliza kinyozi.

Nikafunga daftari. "Ile ni mzaha."

"Mzaha gani, Fundi? Ile ndiyo haijawahi kukosea."

Lazima niieleze safu hiyo, kwa maana kosa lilikuwa langu. Nambari Saba, yule anayeongoza mchezo wetu, ni binti wa mama mmoja auzaye viazi sokoni, viazi vinavyotoka eneo la Bahati, na mizani yake mimi ndiye hutengeneza. Pale uwanjani tunamwita Mama Saba kwa jezi ya mwanawe. Wageni hudhani ana watoto saba na humpa pole. Msimu huo wote alikuwa amekuja kutazama mara tatu tu, kwa sababu viazi havijiuzi, na mara zote tatu tulishindwa. Baada ya ile ya pili kinyozi aliniambia kwa kicheko, "Weka na Mama Saba kwa kitabu." Upande wa kulia wa ukurasa palikuwa na nafasi tupu. Nikachukua rula, nikachora safu, nikaandika juu yake: *Mama Saba, yupo au hayupo.* Mzaha ukitamkwa hupita na upepo. Ukichorwa kwa rula huanza kufanana na ukweli.

Tulipokuwa bado tunabishana, yeye mwenyewe akatokea, leso kiunoni, akija kuchukua mizani aliyoiacha Jumanne.

"Habari za jioni, Fundi. Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, Mama."

"Mgonjwa wangu amepona?"

"Amepona," nikasema. "Springi ilikuwa imechoka. Nimeweka nyingine."

Niliiweka mizani mezani, nikaibonyeza sinia kwa kidole na kuiachilia. Mshale ukarudi kwenye sifuri na kutulia. Kinyozi alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa chake.

"Mathe," akasema, bila kumtazama machoni, "kesho Jumamosi soko si itakuwa imejaa? Wateja wengi, hivi?"

"Usijisumbue, kijana. Siji."

"Sijasema kitu mimi!"

"Wewe hujasema. Kitabu kimesema." Akaketi pembeni mwa benchi na kuiweka mizani magotini kama mtoto. "Jumanne nilikukosa, Fundi. Nikakaa hapa kukungoja, kitabu kikiwa hapa. Nikasoma. Unaandika vizuri sana, mtu anaona kila kitu. *Yupo, tumeshindwa. Yupo, tumeshindwa. Yupo, tumeshindwa.*"

Nilitazama rula yangu iliyokuwa imelala kando ya daftari.

"Sina ubaya na nyinyi," akaendelea. "Ni vizuri kujua. Lakini huyu msichana anamaliza chuo mwezi huu. Jana amenipigia, akaniambia, 'Mama, hii ni ya mwisho, nataka unione nikicheza.' Nimemwambia siwezi, lori la viazi kutoka Bahati linafika kesho mchana."

"Linafika?" akauliza Mwalimu.

"Linafika Jumatatu."

Nimetengeneza mizani kwa miaka mingi, na ninajua kwamba mizani mbovu hudhuru zaidi inapoonekana nzima. Mtu haiamini ile ambayo mshale wake unatetemeka. Huiamini ile iliyopakwa rangi mpya. Daftari langu lilikuwa safi, lina tarehe, lina mistari iliyonyooka, na lilikuwa limemfanya mama mtu mzima amdanganye mwanawe.

"Mama," nikasema, "hii mizani umeniletea mara ngapi mwaka huu?"

"Nne. Tano na ya Jumanne."

"Na kila ukiileta huwa iko vipi?"

"Imeharibika. Ningeileta ya nini kama ni nzima?"

"Basi mimi sijawahi kukuona ukiingia hapa na mizani nzima. Ningekuwa na daftari la mizani yako, ningeandika: imefika kwa fundi, mbovu. Imefika kwa fundi, mbovu. Mara tano. Je, ni kibanda changu kinachoiharibu?"

Aliitazama mizani, kisha akanitazama mimi kwa muda.

"Siwezi jua," akasema. "Saa zingine nyinyi mafundi mnafanyanga hivyo."

Kinyozi alicheka mpaka akalazimika kushika nguzo ya veranda. Hata mimi nilicheka, ingawa hoja yangu ilikuwa imeanguka. Niliianzisha upya.

"Unaacha viazi kuja kuona mechi siku gani?"

"Siku msichana akinipigia aseme kesho ni ngumu."

"Akisema ni rahisi?"

"Nakaa na viazi vyangu."

Mwalimu alikuwa ameshaelewa. Alinyoosha mkono, nikampa daftari, akavaa miwani na kusoma kama anayeita majina ya darasa. Mara ya kwanza Mama Saba kuja, tulicheza na timu iliyokuwa ya kwanza. Mara ya pili, na timu iliyokuwa ya pili. Mara ya tatu tulicheza na timu ya kawaida, lakini mlinzi wetu mrefu alikuwa ameteguka kifundo, na Nambari Saba, mamake akakumbuka, alikuwa amempigia kwa wasiwasi usiku uliotangulia.

"Kwa hivyo," Mwalimu akasema akivua miwani, "wewe huja pale ugumu ulipo. Ugumu unafika kwanza, wewe unafuata."

Nilidhani tumemaliza. Katika vitabu ninavyosoma, mtu akionyeshwa sababu namna hiyo, hushukuru na kwenda zake. Mama Saba alitikisa kichwa.

"Nimewaelewa. Sina shida ya kuelewa. Lakini tukishindwa kesho, nyinyi mtageuka mniangalie mimi. Huyu hapa," akamwonyesha kinyozi kwa kidevu, "ataniangalia kama mtu aliyekanyaga keki. Na mtoto ataona vile mnaniangalia. Siku yake ya mwisho."

Hilo sikuwa na safu yake.

Kinyozi aliacha kucheka. Alikuna kichwa, akatazama barabarani, akatazama paa. "Mathe, mimi nitaangalia chini," akasema hatimaye. "Tukipoteza, haki ya Mungu, naangalia viatu vyangu tu."

"Tukishindwa," akasema Mwalimu, "tutakuwa tumeshindwa na Naivasha."

Ilibaki zamu yangu. Kufuta safu nisingeweza. Mimi sifuti nilichoandika, na kurasa sichani. Lakini kibandani nina desturi moja. Mizani ambayo haisemi kweli na haiwezi kurekebishwa, naifunga uzi mwekundu ili mtu asiitumie kwa bahati mbaya. Nikachukua kalamu nyekundu na rula ileile. Nilipiga mstari kutoka juu ya safu ya tano hadi chini, na chini yake nikaandika: *Safu hii haipimi kitu.* Nikatia sahihi, nikamgeuzia asome.

Alisoma. Akainuka, akaweka mizani kichwani juu ya kata ya leso.

"Mechi ni saa ngapi?"

"Saa nane. Ili tumalize kabla upepo haujachacha."

"Nitaona," akasema, na kwa jinsi alivyolisema neno hilo hakuna aliyethubutu kulitafsiri.

Jumamosi basi la Naivasha lilifika mapema, jambo lililomtia Mwalimu huzuni. Mashabiki wao walishuka na ndoo mbili za waridi. Kule kwao kuna mashamba makubwa ya maua, na yale yenye kikonyo kilichopinda au jani lenye doa hayasafirishwi ng'ambo. Mashabiki hao huja nayo kwenye mechi na kuyapunga kila wakifunga. Kinyozi aliweka mtungi wa maji chini na kuwatazama kwa wivu. "Sisi tutapunga nini? Kabeji?"

Sarafu ilituangukia sisi, na tulianza kwa kushambulia upande wa lango, kama Mwalimu alivyotaka. Upepo ulikuwa bado umelala. Nambari kumi na mbili wao alikuwa mrefu kuliko simu ya kinyozi ilivyoonyesha. Alisimama chini ya kikapu na kuweka mipira kama mtu anayepanga vikombe kabatini. Wasichana wetu walimkimbiza. Kufikia mapumziko tulikuwa nyuma kwa pointi nne, na yeye alikuwa ameomba maji mara mbili. Niliandika yote.

Vikapu vilipobadilishwa, nilitazama upande wa mikaratusi. Nyuma ya mti wa tatu ilionekana ncha ya leso.

Mwalimu naye alikuwa ameiona. Kinyozi alifungua mdomo, akaufunga, akatazama viatu vyake, kwa mazoezi nadhani.

Katika robo ya tatu Nambari Saba alipokea mpira katikati, akamvuta yule mrefu upande wa kushoto kwa bega tu, na bila kutazama akaupitisha mpira nyuma ya mgongo wake hadi kwa mwenzake aliyekuwa peke yake chini ya kikapu. Ukaingia. Uwanja wote ulipiga kelele, hata ndoo za waridi. Leso ilitoka nyuma ya mti na mwenye leso akaja mbio hadi niliposimama.

"Fundi! Hiyo inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa."

"Nyuma ya mgongo? Kwa kitabu?"

"Kwa kitabu, Mama."

"Alinidanganya kuwa anajifunza uhasibu," akasema, na hakurudi tena mtini.

Tulisawazisha, tukapitwa, tukasawazisha, tukapitwa. Zikiwa zimebaki sekunde chache tulikuwa nyuma kwa pointi mbili, na Nambari Saba akapigwa kiwiko akielekea kikapuni. Refa akapuliza: mitupo miwili. Alisimama kwenye mstari akitazama kikapu cha mikaratusini, na chini kidogo ya kikapu hicho, nje ya kiwanja tulikokuwa tumesogea sote, kwenye mstari huohuo wa macho, palikuwa na mamake. Walitazamana. Msichana alitabasamu. Mama aliinua mkono nusu, kama mtu asiye na hakika kama ni yeye anayesalimiwa.

Mtupo wa kwanza uligonga chuma na kutoka. Wa pili uliingia. Naivasha wakauingiza mpira uwanjani, wakaushikilia, na muda ukaisha. Tulishindwa kwa pointi moja.

Mawaridi yalipungwa. Nilishika kalamu nikitazama ukurasa. Mwalimu alikuwa akitazama mawingu juu ya mlima Menengai kama mtu anayesubiri yamjibu. Kinyozi alikuwa ameinamisha kichwa kabisa, kidevu kifuani, macho kwenye viatu. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Kijana," Mama Saba akasema, "umepoteza nini huko chini?"

"Hakuna, Mathe."

"Basi inua kichwa, shingo itakauka." Akamtazama mpaka akainua. Kisha akatugeukia sote. "Na nyinyi pia. Ningekuwa na nguvu za kuangusha mechi nikiwa nimesimama tu hapa, ningeanza na wale madalali wa viazi."

Hapo ndipo Nambari Saba alipofika, jezi imelowa, goti limechubuka, anacheka. Hakuuliza habari za lori.

"Mama, umeiona ile pasi?"

"Nimeiona. Fundi anasema inaruhusiwa."

Walikumbatiana, jasho lote likaingia kwenye leso. Shabiki mmoja wa Naivasha, mama wa makamo kama yeye, alivuka kiwanja na ndoo na kumwuliza kama huyo ni wake. Alipoambiwa ndiyo, akachagua waridi moja jekundu, kikonyo kimepinda kama ndoano, akampa. "Huyo msichana wako ametusumbua," akasema. "Sijui tungefanyaje dakika zingekuwa tano zaidi."

Jioni, nyumbani, nilijaza daftari: upepo, faulu, mitupo, waliokosekana. Utabiri wangu wa pointi sita ulikuwa umekosea kwa saba, na wenzangu, waliokuwa nao wametegemea ushindi, walikosea karibu hivyo hivyo, kwa hivyo tulikubaliana kubeba mtungi kwa zamu. Safu yenye mstari mwekundu niliiacha tupu. Ya pasi ile sikuwa na mahali pa kuyaandika, nikayaandika pambizoni, ambako kwa kawaida siandiki.

Jumatatu nilipita sokoni. Lori la Bahati lilikuwa limefika kweli, na Mama Saba alikuwa amezungukwa na magunia. Waridi lilikuwa kwenye mkebe wenye maji, na mkebe ulikuwa juu ya sinia ya mizani, katikati ya viazi alivyokuwa akimpimia mteja.

Nilimwambia aushushe. Mkebe, maji na ua, kwa makadirio yangu, vilikuwa karibu robo kilo, na mteja alikuwa anauziwa waridi kwa bei ya viazi.

"Fundi," akasema, akiuinua mkebe kwa mikono miwili na kuuweka kando, mahali anapoweza kuuona, "hata hili utaliandika?"

Mshale ukashuka, na mteja akaongezewa viazi viwili.